Amri Mbovu Katika SMTP: Seva Ijibu na Kusubiri, Isahihishe, Icheleweshe au Ikate Muunganisho?

Kila seva ya barua pepe iliyo wazi kwa intaneti huzungumza SMTP, itifaki (kanuni za mawasiliano) ya kusafirisha barua pepe, na hupokea amri zisizo na umbo sahihi, tena nyingi. Baadhi ni makosa madogo ya uandishi wa programu, kama vile nafasi iliyoachwa baada ya nukta mbili za MAIL FROM, amri inayotaja mtumaji. Baadhi ni amri ambazo seva haizijui kabisa. Nyingine ni mistari ya HTTP, itifaki ya wavuti, iliyofika kwenye mlango namba 25 wa SMTP kwa bahati mbaya au kwa hila, na chache ni majaribio ya makusudi ya kuifanya seva isome sehemu ya barua kana kwamba ni amri mpya. Seva haiwezi kukaa kimya, kwa sababu SMTP ni itifaki ya mazungumzo ambayo kila amri hudai jibu. Namna jibu hilo linavyotolewa huamua kama barua halali itafika, itarudishwa kwa mwandishi wake mara moja, au itakaa kwenye foleni siku kadhaa bila mtu yeyote kujua kilichoikwamisha.

Njia za kuchagua ni nne. Seva inaweza kujibu kwa msimbo wa kosa na kuendelea kusubiri. Inaweza kukata muunganisho pale pale. Inaweza kukisia mteja, yaani programu inayotuma, alikusudia nini na kuendelea kana kwamba amri ilikuwa sahihi. Au inaweza kuvumilia makosa huku ikiyahesabu, ikachelewesha majibu yake, na hatimaye ikakata. Hakuna moja kati ya hizi inayofaa kwa kila aina ya kosa, na madhara mengi hutokea pale msimamizi anapoichagua moja na kuitumia kila mahali. Kipimo ninachokitetea ni hiki: kosa ambalo haligusi mipaka, yaani haliachi shaka amri inaishia wapi na barua inaanzia wapi, linastahili jibu sahihi na kikao kiendelee, lakini kosa linalogusa mipaka hiyo lisisahihishwe kwa kukisia hata mara moja.

Kanuni inadai nini

Toleo la SMTP lililoandikwa na Jon Postel, RFC 821 (RFC ni nyaraka za kanuni za intaneti) la Agosti 1982, tayari lilikuwa na misimbo ya makosa tunayoitumia hadi leo. RFC 5321 ya Oktoba 2008, iliyohaririwa na John Klensin, iliiboresha na kueleza kwa uwazi zaidi lini kila msimbo utumike. Msimbo 500 ni wa amri isiyotambulika, pamoja na mstari uliozidi urefu. Msimbo 501 ni wa amri inayotambulika lakini hoja zake zina kosa la sintaksia. Msimbo 502 ni wa amri ambayo seva inaijua lakini haitekelezi, 503 ni wa amri iliyokuja nje ya mfuatano wake, kwa mfano RCPT, inayotaja mpokeaji, kabla ya MAIL, na 504 ni wa hoja ambayo haitekelezwi. Msimbo 555 umetengwa kwa vigezo vya ziada vya MAIL FROM au RCPT TO ambavyo seva haivitambui.

Tofauti kati ya misimbo hii ina uzito katika kazi. Mteja akijibiwa 500 anajua kwamba neno lenyewe halikueleweka. Akijibiwa 501 anajua kwamba neno lilieleweka na tatizo ni anwani au kigezo alichokifuatisha. Akijibiwa 503 anajua kwamba hali ya kikao kwa upande wa seva si ile anayoidhani yeye. Seva inayotoa 500 kwa kila kitu humwacha msimamizi wa upande wa pili akichunguza mahali pasipo na tatizo. RFC hiyo hiyo inakataza pia seva kutangaza uwezo fulani katika jibu la EHLO, amri ya salamu inayofungua kikao, kisha ikaukataa kwa 502 au 500 pale mteja anapoutumia, na hilo ni kosa la kusanidi linalostahili kutafutwa kabla ya kulaumu wateja.

Kuhusu kukata, maandishi yako wazi. Katika hali ya kawaida seva haipaswi kufunga muunganisho kwa makusudi isipokuwa baada ya kupokea QUIT na kujibu 221, au inapolazimika kuzimwa na ikajibu 421, au mteja anapokaa kimya hadi muda wa kungoja ukaisha, muda ambao RFC inashauri usipungue dakika 5. Inasemwa bayana kwamba seva inayofunga muunganisho kwa sababu tu haikuelewa amri inakiuka kanuni. Hata hivyo, sehemu ya usalama ya waraka huo huo inakubali kwamba seva inayoshambuliwa ina haki ya kujilinda, na inatoa mfano wa kukata muunganisho baada ya idadi ya kutosha ya majibu ya 5xx (makosa ya kudumu) kwa mteja anayemimina RCPT zenye anwani zisizokuwepo. Kwa hiyo anayesema kukata kumekatazwa kabisa na anayesema kunaruhusiwa wakati wowote wote wawili wamesoma nusu tu ya waraka.

Kujibu na kusubiri dhidi ya kukata papo hapo

Hoja kubwa ya kujibu na kusubiri imo katika historia ya EHLO. Amri hiyo ililetwa mwaka 1993 na RFC 1425 ili SMTP iweze kupanuliwa, na wakati huo seva nyingi duniani zilijua HELO, salamu ya zamani, peke yake. Mpango mzima ulitegemea jambo moja: seva ya zamani ikipokea EHLO, ijibu 500 na kubaki kwenye mazungumzo, ili mteja arudi kwenye HELO na barua ipite. Zilikuwepo seva zilizokata muunganisho ziliposikia EHLO, na RFC 1651 ya mwaka 1994 ililazimika kueleza kwamba katika hali hiyo mteja afungue muunganisho mwingine na kuanza na HELO. Seva inayokata kwa neno isilolijua humtwika mteja gharama ya kukisia, na huzuia itifaki isikue. Kila nyongeza itakayobuniwa kesho itakuwa leo "amri isiyotambulika".

Hoja ya pili ni ya foleni, nayo haizingatiwi inavyostahili. Muunganisho ukikatika bila jibu, RFC 5321 inamshauri mteja achukulie kana kwamba amepokea 451, yaani kosa la muda. Mteja anayefuata kanuni ataiweka barua kwenye foleni, atasubiri, inashauriwa dakika 30 au zaidi, kisha atajaribu tena kwa amri ile ile yenye kasoro ile ile, na seva itakata tena. Muda wa kukata tamaa unaoshauriwa ni siku 4 hadi 5. Kwa muda wote huo mwandishi wa barua anaamini kwamba ujumbe wake umefika. Kama seva ingejibu 501, mteja angejua kwamba kosa ni la kudumu na mwandishi angepata taarifa ya kushindwa ndani ya dakika chache. Anayekata ili "kuondoa takataka" hujiletea ziara nyingi za mteja yule yule, na humnyima binadamu aliye upande wa pili habari pekee ambayo ingemsaidia kurekebisha tatizo.

Pia si kila amri iliyoharibika imeharibiwa na mtumaji. Baadhi ya kuta za moto zinazokagua SMTP zimewahi kubadilisha herufi za amri zisizozijua kuwa mfululizo wa X kabla ya kuzipitisha, hivyo seva ikapokea kitu ambacho mteja hakukiandika kamwe. Seva ikijibu 500 na kuandika mstari huo kwenye kumbukumbu zake, wasimamizi wawili wanaweza kulinganisha kilichotumwa na kilichofika na kutambua kwamba mhalifu yuko njiani. Ikikata kimya, wataendelea kutuhumiana.

Pamoja na hayo yote, kukata papo hapo kuna mahali pake, na mahali penyewe ni pale mteja anapodhihirisha kwamba hazungumzi SMTP. Mwezi Agosti 2001 Jochen Topf alieleza shambulio linalotumia fomu ya HTML: mshambuliaji humfanya mtu afungue ukurasa wenye fomu inayoelekezwa kwenye mlango namba 25 wa seva fulani, kivinjari kinatuma POST na vichwa vyake vyote vya HTTP, seva inajibu 500 kwa kila kichwa kwa uvumilivu mkubwa, kisha inafika kwenye mwili wa fomu ambao una HELO, MAIL FROM, RCPT TO na DATA (amri inayotangulia maandishi ya barua) zilizoandikwa kwa usahihi. Barua inatoka ikiwa na anwani ya mtandao ya mtu asiye na habari. Vivinjari vya sasa huuzuia mlango 25, lakini vivinjari si programu pekee zinazoweza kuelekezwa vibaya. Proksi iliyoachwa wazi au programu ya wavuti inayopakua anwani yoyote iliyopewa inaweza kufanya vivyo hivyo. Ndiyo maana Postfix, programu ya seva ya barua, ina kigezo cha smtpd_forbidden_commands ambacho tangu zamani kimekuwa na CONNECT, GET na POST, na mteja akitamka mojawapo hukatwa mara moja. Sendmail, programu nyingine ya aina hiyo, nayo hukataa kwa 421 mteja anayeanza na maneno ya namna hiyo.

Kati ya njia hizi mbili, basi, ningechagua kujibu na kusubiri kuwa kawaida, na kukata papo hapo kuwa kwa orodha fupi ya maneno yanayojulikana kuwa ya itifaki nyingine. Orodha hiyo ibaki fupi. Neno lisilojulikana halina hatia. Neno linalojulikana kuwa la HTTP lina ushahidi dhidi yake.

Kusahihisha kwa kukisia dhidi ya kukataa

Mwaka 1980, katika RFC 761 ya TCP, iliandikwa kanuni inayohusishwa na Postel kwamba programu iwe makini katika inachotuma na karimu katika inachopokea. Kwa miaka mingi kanuni hiyo ilitumika kuhalalisha kila aina ya uvumilivu. RFC 9413 ya Juni 2023 inaipinga tafsiri hiyo kwa hoja kwamba uvumilivu usio na mpaka huyafanya makosa yawe desturi, na kila seva mpya hulazimika kuiga udhaifu wa zilizotangulia. Ninakubaliana na hoja hiyo, ila katika barua pepe ni lazima kutofautisha, kwa sababu kuna ukarimu usio na madhara na kuna ukarimu uliofungua mlango kwa wizi wa utambulisho.

Ukarimu usio na madhara ni huu. RFC 5321 haikubali nafasi upande wowote wa nukta mbili za MAIL FROM na RCPT TO, na inataja wazi kwamba hilo ni kosa la mara kwa mara. Postfix huikubali nafasi hiyo, na hukubali pia anwani isiyo na mabano ya pembe, isipokuwa umewasha strict_rfc821_envelopes. Exim, programu ya tatu ya seva, ina vigezo kama strip_excess_angle_brackets na strip_trailing_dot ambavyo vikiwashwa huondoa mabano ya ziada au nukta mwishoni mwa jina la kikoa. Nafasi tupu mwishoni mwa amri, kabla ya CR na LF (herufi mbili zisizoonekana zinazofunga mstari), RFC yenyewe inashauri ivumiliwe. Katika visa hivi vyote maana ni moja tu. Hakuna wasomaji wawili wanaoweza kuusoma mstari huo na kupata anwani mbili tofauti. Seva inayovikataa haikosei kwa mujibu wa kanuni, ila inawaadhibu watu wenye vifaa vya zamani kwa faida ndogo sana.

Mambo hubadilika kabisa tunapofika kwenye mwisho wa mistari. SMTP inataka kila mstari uishe kwa CR ikifuatwa na LF, na barua iishe kwa nukta iliyo peke yake kati ya jozi mbili za CR na LF. Kwa kuwa mifumo ya Unix hutumia LF pekee, seva nyingi zilizoea kuikubali LF peke yake kuwa mwisho wa mstari. RFC 5321 iliikataza desturi hiyo kwa seva, ikisema imeleta matatizo mengi kuliko iliyoyatatua, na bado iliendelea. Desemba 2023 Timo Longin wa SEC Consult alitangaza shambulio lililopewa jina SMTP smuggling, na hapo gharama ya ukarimu ikaonekana wazi.

Shambulio lenyewe linahitaji seva mbili zinazotofautiana katika kusoma mstari mmoja. Mshambuliaji mwenye akaunti halali kwenye seva ya kwanza anaandika ndani ya mwili wa barua mfuatano usio sahihi, kwa mfano LF, nukta, kisha CR na LF, na baada yake anaandika MAIL FROM, RCPT TO na DATA za barua ya pili. Seva ya kwanza inaona kwamba huo si mwisho wa barua na inaupitisha wote kama maandishi ya kawaida. Seva ya pili, kwa ukarimu wake, inaamini kwamba barua imeisha, na inayasoma yaliyobaki kuwa amri mpya. Barua ya pili inaonekana kutoka kwenye anwani ya mtandao ya seva ya kwanza, hivyo inaweza kupita ukaguzi wa SPF (orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina la kikoa) kwa kikoa chochote kinachoiruhusu seva hiyo, hata kama mtumaji wake ni bandia. Postfix, Exim na Sendmail zote zilitoa marekebisho. Hakuna programu kati ya hizo iliyokuwa imevunjika kwa maana ya kawaida. Kila upande ulikuwa umefanya kilichoonekana kuwa msaada.

Postfix ilileta kigezo cha smtpd_forbid_bare_newline, na kuanzia toleo la 3.9 thamani yake ya msingi ni normalize. Maana yake ni kwamba seva itakubali kuisoma LF pekee kuwa mwisho wa mstari wa kawaida, lakini haitakubali mwisho wa barua usio na umbo kamili. Thamani ya reject huikataa LF pekee kabisa. Kwa mtu anayechagua kati ya hizo mbili, normalize inatosha kuzuia shambulio lililoelezwa na huviacha vifaa vya zamani viendelee kutuma, wakati reject ndiyo iliyo karibu zaidi na kanuni. Kwenye seva inayopokea barua kutoka intaneti nzima ningeanza na normalize, nikasoma kumbukumbu kwa muda, ndipo nikaamua. Kuna pia orodha ya kuziacha anwani fulani nje ya sharti hilo. Isitumike kwa seva yoyote inayopitisha barua za watumiaji wengi, kwa kuwa hizo ndizo hasa mshambuliaji anazozihitaji.

Mpaka mwingine wa aina hiyo ni STARTTLS, amri ya kuanzisha usimbaji wa TLS, yaani kuficha mazungumzo yasisomwe njiani. Mwaka 2011 Wietse Venema, mwandishi wa Postfix, alieleza kosa lililosajiliwa kama CVE-2011-0411: seva kadhaa zilipopokea STARTTLS zilibaki na maandishi yaliyokuja nyuma yake katika bafa (hifadhi ya muda) ile ile, kisha zikayatekeleza baada ya usimbaji kuanza kana kwamba yamekuja ndani ya njia salama. Mtu aliye katikati ya njia angeweza kupachika amri zake hapo. Maandishi yoyote yaliyofika baada ya STARTTLS na kabla ya makubaliano ya TLS yanapaswa kutupwa, na seva inayochagua kufunga kikao badala ya kuyatupa haifanyi ukali wa bure. Kosa dogo la STARTTLS yenye hoja, kwa upande mwingine, lina jibu lake la kawaida la 501.

Mstari uliozidi urefu nao uangaliwe kwa jicho hilo. Kikomo cha amri ni baiti 512 pamoja na CR na LF, ingawa nyongeza kama AUTH, ya mteja kujitambulisha kwa nenosiri, zinaruhusu zaidi. Seva ikisoma baiti 512, ikazijibu, kisha ikaanza kusoma kipande kilichobaki kana kwamba ni amri mpya, imejitengenezea yenyewe mlango wa kupachikiwa amri. Njia salama ni kusoma na kutupa hadi mwisho halisi wa mstari, kisha kujibu 500 mara moja tu.

Kuhesabu na kuchelewesha

Kuna mteja wa aina moja anayeonyesha kwa nini kujibu na kusubiri bila kikomo hakutoshi. Ni programu mbovu inayotuma MAIL, RCPT na DATA mfululizo bila kusoma majibu. Anwani ya mpokeaji ikakataliwa, DATA ikakataliwa kwa 503 au 554, na programu ikaendelea kumwaga mwili wa barua. Seva sasa inasoma kila mstari wa barua hiyo kuwa amri, na inajibu 500 mara mia kadhaa. Zaidi ya kupoteza muda, kuna hatari: mwili huo ukiwa na mistari yenye umbo la amri za SMTP, amri hizo zitatekelezwa. RFC 2920 ya Septemba 2000 inaruhusu amri kutumwa kwa kundi, lakini seva iwe imetangaza uwezo huo na DATA iwe ya mwisho katika kundi.

Programu tatu zinazojulikana zimechagua viwango tofauti sana. Exim ndiyo kali: smtp_max_unknown_commands na smtp_max_synprot_errors zote zina thamani ya msingi ya 3, na kwa kawaida huwaadhibu pia wateja wanaozungumza kabla ya zamu yao kwa sababu smtp_enforce_sync imewashwa. Postfix ni ya taratibu zaidi. Makosa yakifika smtpd_soft_error_limit, ambayo ni 10, bila barua yoyote kufikishwa, huanza kuchelewesha kila jibu kwa sekunde 1. Yakifika smtpd_hard_error_limit, ambayo kwa kawaida ni 20, hujibu 421 na kukata. Seva ikizidiwa na wateja, kikomo hicho hushuka chenyewe hadi 1. Sendmail huhesabu amri mbovu hadi 25 kabla ya kuchoka.

Kati ya mitindo hii, wa Postfix ndio ninaouona kuwa na busara zaidi kwa seva ya hadhara, kwa sababu mbili. Kwanza, makosa yanahesabiwa kwa mteja ambaye hajafikisha barua, hivyo mteja mwenye kasoro moja ndogo anayefanya kazi halali hafananishwi na mteja asiyefanya lolote ila kupapasa. Pili, ukali unafuata hali ya seva: wakati wa utulivu kuna nafasi ya kumwelewesha mtu, na wakati wa mafuriko kila kikao kinachoshikiliwa bure kinamnyima nafasi mteja mwingine. Ukali wa Exim haudhuru mteja mzima, maana mteja mzima hafiki makosa manne, lakini anayejaribu amri kwa mkono wakati wa kutafuta tatizo atakatwa mapema.

Kuchelewesha nako kuna bei. Jibu linalocheleweshwa linaushikilia mchakato au muunganisho wa seva yenyewe, na mshambuliaji mwenye mashine nyingi hana haraka. Sekunde 1 ni adhabu inayovumilika. Kuchelewesha kwa dakika nzima kwenye seva yenye nafasi chache za vikao ni kuwasaidia wanaotaka kuijaza. Wanaotaka kuchelewesha kwa muda mrefu watumie programu nyepesi iliyotengwa mbele ya seva, kama spamd ya OpenBSD au postscreen ya Postfix. Postscreen ina vipimo vya amri zisizo za SMTP, LF pekee na kuzungumza kabla ya zamu, ingawa vipimo hivyo vya ndani havijawashwa kwa kawaida, kwa kuwa mteja mpya anayevipita hulazimika kurudi tena ndipo barua yake ipokewe.

Maneno ndani ya jibu

Je, seva irudie katika jibu amri iliyoikataa? Kwa anayetafuta tatizo, jibu lenye mstari wenyewe ni msaada mkubwa. Lakini mwaka 2021 watafiti wa vyuo vikuu vya Ujerumani walieleza shambulio la ALPACA, ambamo kivinjari huelekezwa kwenye seva ya itifaki nyingine inayotumia cheti cha TLS kinachokubalika kwa jina lile lile. Seva ya barua inayorudisha maandishi ya mteja ndani ya ujumbe wa kosa inaweza kurudisha msimbo wa JavaScript, na kivinjari kinachokubali kusoma jibu hilo kama ukurasa kitautekeleza kwa mamlaka ya tovuti halisi. Mbele ya hatari hiyo, jibu lisirudie maandishi ya mteja. Litumie msimbo wa ziada wa RFC 3463, yaani 5.5.1 kwa amri batili, 5.5.2 kwa sintaksia na 5.5.4 kwa hoja batili, pamoja na maelezo mafupi yasiyobadilika.

Mstari kamili uandikwe kwenye kumbukumbu za seva, ukiwa umekatwa kwa urefu na herufi zake za udhibiti zikiwa zimebadilishwa, isipokuwa kikao kikiwa ndani ya AUTH. Hapo mteja aliyepotea njia anaweza kutuma nenosiri mahali pa amri, na kumbukumbu zikawa ghala la siri za watu. Base64 (namna ya kuandika data kwa herufi za kawaida, inayotumika ndani ya AUTH) isiyosomeka hujibiwa 501, na kinachotosha kuandikwa ni kwamba haikusomeka.

Kuchagua kwa kazi ya seva

Kwa seva inayopokea barua za kikoa kutoka intaneti nzima kwenye mlango 25, mchanganyiko ninaoupendekeza ni majibu sahihi ya 5xx, kikao kuendelea, hesabu ya makosa kati ya 10 na 20 kisha 421, kukata papo hapo kwa maneno ya HTTP, uvumilivu wa nafasi na mabano, na ukali kamili katika mwisho wa barua, mistari mirefu na STARTTLS. Kukata kwa 421 kuna kasoro ile ile ya foleni niliyoieleza, lakini wakati huo mteja ameshapewa majibu mengi ya kudumu, na kama ni mteja mzima barua yake imeshapata hukumu yake.

Seva ya kuwasilisha barua kwenye mlango 587 au 465 ina watumiaji wake yenyewe, waliojitambulisha. Hapo ukali una gharama ndogo, kwa sababu anayekosea anaweza kupigiwa simu na programu yake ikarekebishwa. RFC 6409 inairuhusu seva ya aina hii kurekebisha ujumbe kabla haujatoka, na hilo linaifanya kuwa mahali sahihi pa kuigeuza LF pekee kuwa CR na LF, ili isimfikie mtu mwingine nje. Ukarimu ukae hapa, kwenye chanzo, kuliko kukaa kwenye seva ya mpokeaji asiyemjua mtumaji.

Kinachobaki ni seva ya ndani inayohudumia vichapishi, vidhibiti na programu za zamani ambazo hakuna tena anayezitunza. Vifaa hivi ndivyo vinavyotuma LF pekee, nafasi zisizotakiwa na HELO isiyo na jina kamili, na mara nyingi havisomi majibu kabisa. Vipewe seva yao, yenye anwani chache zinazoruhusiwa kwa majina, isiyofikika kutoka nje, na inayoandika upya kila kitu kwa umbo sahihi kabla ya kukipeleka mbele. Kulegeza masharti ya seva ya hadhara kwa ajili ya kichapishi kimoja ni kuwalegezea pia wote wanaoweza kuufikia mlango namba 25.